Ulicheza Mchezo Gani?

Wanaotoa mawaidha juu ya barua pepe za zawadi bandia hupenda kuanza na sentensi moja: hakuna utajiri wa ghafla. Kwetu Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, sentensi hiyo haina mashiko. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu alichimba kiwanjani kwake akakuta jiwe jeusi lenye kobalti. Miezi michache baadaye mtaa mzima ulikuwa mashimo. Watu walichimba uani, jikoni, wengine chini ya kitanda walichokuwa wakilalia, udongo wakiutoa usiku kwa magunia. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba iliwahamisha wakazi wa sehemu ya mtaa huo, ukuta ukajengwa, na uchimbaji ukawekwa chini ya kampuni inayonunua madini. Lakini tayari kila mmoja wetu alikuwa anamjua mtu, au anamjua anayemjua mtu, aliyeanza wiki akikopa unga wa bukari akaimaliza akiulizia bei ya gari.

Kwa hiyo mzee wa Kolwezi akisoma kwamba ameshinda euro 250,000, haoni muujiza wa kumshangaza sana. Anaona kwamba zamu yake imefika. Wanaomcheka na kumwita mjinga hawajui anaishi mji wa namna gani.

Barua hizo nimewasomea watu wengi. Kabla intaneti haijahamia kwenye simu, nilifanya kazi katika siber karibu na soko: chumba kimoja, kompyuta chache zilizofika kutoka Ulaya zikiwa zimeshachoka, jenereta mlangoni, dishi la setilaiti juu ya bati. Mteja alilipia saa. Kazi yangu iliitwa usimamizi, ila hasa nilikuwa karani wa barua za watu. Niliwafungulia akaunti za Yahoo, nikawaandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi ambacho wangekipoteza kabla ya Jumapili, nikawasomea Kifaransa kigumu, nikawachapia barua za kuomba kazi migodini.

Barua za zawadi zilifanana sana. Juu kabisa ilikaa nembo ya Microsoft au ya Coca-Cola, imenyakuliwa kwenye tovuti na kuvutwa mpaka ikapinda. Chini yake neno FÉLICITATIONS, yaani hongera, kwa herufi kubwa. Kisha maelezo: anwani yako imechaguliwa na kompyuta miongoni mwa mamilioni, ili kuhimiza matumizi ya intaneti katika Afrika, wasiliana na huissier, yaani ofisa, wa mahakama fulani mjini Abidjan. Huissier huyo ana namba ya simu, ana picha ya kitambulisho chake, na barua pepe yake, ajabu, ni ya bure, ya Yahoo au Hotmail, kama ya mteja wangu yeyote. Anataka fomu ijazwe: jina, umri, kazi, mapato ya mwezi, nakala ya kitambulisho. Kipengele cha mapato ndicho cha kutazama, maana hapo ndipo tapeli anapopima utakamuliwa kiasi gani.

Ukishajaza, malipo yanaanza. Kwanza gharama ya kufungua faili. Halafu ya kuthibitisha hati. Halafu ya cheti cha kuonyesha kwamba pesa zako hazitokani na dawa za kulevya wala ugaidi. Nakumbuka jinsi cheti hicho cha mwisho kilivyowatisha watu. Mtu aliyekuwa ameshaanza kusita alilipa mbiombio, kwa kuwa sasa jina lake lilikaa karatasi moja na neno ugaidi, na askari wa kwetu hahitaji sababu kubwa kuliko hiyo.

Kule Abidjan vijana wanaoishi kwa kazi hii huitwa brouteurs, na walizidi mpaka Côte d'Ivoire ikaunda kitengo maalumu cha kupambana na uhalifu wa mtandaoni mwaka 2011. Lakini nisiwabebeshe wao peke yao mzigo wote. Barua ya namna hii inaweza kuandikwa popote penye kompyuta na mtu asiye na haya, Kolwezi ikiwemo.

Kati ya wateja wangu kulikuwa na mzee aliyekuwa fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Anayetaka kumwelewa lazima ajue yaliyowapata wenzake. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ile ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Ilikuwa na shule, hospitali, timu za mpira, na unga wa kila mwezi kwa familia za wafanyakazi. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka chini ya ardhi, na mambo mengine yakaporomoka nayo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Ndipo mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ukiitwa Opération Départs Volontaires. Jina linasema waliondoka kwa hiari. Walikuwa wanadai mishahara ya miaka. Walipewa kiasi kimoja cha pesa, wakatia sahihi, wakaenda nyumbani. Wengi wao wanaamini mpaka leo kwamba walipunjwa, na madai yao yamezunguka ofisi nyingi.

Mzee wangu alifika na faili la plastiki la kijani. Ndani mlikuwa na kitabu chake cha kazi, hati za malipo, barua alizowaandikia wakubwa, kila moja na muhuri wa kuonyesha ilipokelewa, na nakala ya kadi ya kura. Akaniomba nimchapishie barua ya huissier, kwa rangi, ingawa rangi ilikuwa ghali.

Nikamwambia, "Papa, hii ni ya wezi."

Hakukasirika. Aliichukua karatasi ikiwa bado na joto la mashine, akailaza kwenye kaunta kando ya hati yake ya Gécamines. Kidole chake cha shahada, chenye ukucha uliokufa zamani, kikapita kwenye mihuri ya karatasi moja, kisha ya pili.

"Mwanangu, nionyeshe ya wezi ni ipi. Hii ina muhuri, na hii ina muhuri. Ila hii," akaigonga ile ya zamani, "najua ni ya kweli, na haijanilipa."

Nilikuwa nimezoea kujibu wateja haraka. Siku hiyo nilijifanya naangalia wino wa printa.

Malipo ya kwanza alikuwa ameshayatuma. Aliuza mashine ya kuchomelea aliyokuwa akiitumia kutengeneza mageti na vitanda vya chuma, kazi iliyokuwa inamlisha tangu alipoondoka kampuni. Sasa huissier alitaka ya pili, na mzee alirudi siku nyingine akiwa na mkewe, ambaye alitaka kuona kwa macho yake pesa zinakokwenda. Mama huyo alikuwa na meza ya samaki wakavu sokoni. Kifaransa cha barua hakukijua, na nilipotaka kumtafsiria alinizuia kwa mkono. Akamgeukia mumewe.

"Baba, ulicheza mchezo gani?"

"Sikucheza. Kompyuta ndiyo iliyonichagua."

"Tikiti ulinunua wapi?"

"Hakuna tikiti."

"Basi hizo pesa nani aliziweka?"

Mzee akanyamaza. Mama akaendelea, sauti ileile ya mtu anayehesabu faranga mezani. "Sisi wanawake wa sokoni tunacheza likelemba. Kila mmoja anaweka. Siku yangu ya kupokea naijua, na najua zimetoka mfuko wa nani na nani. Zako zimetoka mfuko wa nani?"

Barua ilirudi kwenye faili la kijani, na malipo ya pili hayakutumwa. Mashine ya kuchomelea haikurudi.

Nimesoma maonyo mengi juu ya utapeli tangu wakati ule, ya benki, ya polisi, ya kampuni za simu, na sijakutana na swali linalopita la mama yule. Onyo linalotolewa mara nyingi zaidi ni kwamba usilipe chochote kabla ya kupokea. Ni onyo zuri kwa mtu wa Geneva. Kwetu, karibu kila kitu cha kweli huanza na kulipa. Unalipa gharama za faili kumwandikisha mtoto shule, unalipa kupata cheti cha kuzaliwa, unalipa ili karatasi za kiwanja zitoke meza moja kwenda meza nyingine, unalipa na kadi ya mchimbaji. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo akiombwa euro mia kadhaa za faili, kengele hailii kichwani. Kinyume chake, angeshangaa kama asingeombwa kitu. Tapeli wa Abidjan hakuhitaji kutudanganya juu ya tabia ya ofisi. Alizijua ofisi kama tunavyozijua sisi.

Lakini pesa za ushindi lazima ziwe na chimbuko. Bahati nasibu ya kweli, kama ile ya shirika la taifa, SONAL, ina tikiti iliyonunuliwa, na zawadi hutoka katika pesa za walionunua. Kampuni ya simu ikichezesha promosheni, huitangaza hadharani, redioni na kwenye mabango, na haikutaki uifanye siri. Microsoft haijawahi kuendesha bahati nasibu ya anwani za barua pepe. Wakfu wa Gates haumtumii pesa mtu eti kwa sababu kompyuta imemchagua. Kama hukucheza, hukushinda.

Wazee wengine hukumbushia Bindo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kinshasa, mtu aitwaye Bindo alifungua biashara ya kupokea pesa na kuahidi kuzirudisha zikiwa zimezidishwa mara kadhaa ndani ya wiki chache. Wa kwanza walilipwa kwelikweli, kwa pesa za waliofuata. Watu waliuza friji na magari wakapange foleni. Baada ya miezi michache kila kitu kilianguka. Swali la mama wa sokoni lingefaa hapo pia, ingawa pale jibu lilikuwepo, tena baya: ziliwekwa na jirani yako.

Ujanja wenyewe ni mzee kuliko umeme. Vidocq, mfungwa wa Ufaransa aliyegeuka mkuu wa upelelezi Paris, alieleza miaka ya 1830 jinsi wafungwa walivyokuwa wakiwaandikia matajiri barua juu ya hazina iliyofichwa, ambayo ingepatikana kwa msaada kidogo tu wa pesa. Wanaijeria wakabebeshwa jina la utapeli huo kwa sababu ya kifungu cha 419 cha sheria yao ya jinai. Na Kongo yetu nayo iliingia katika hadithi hiyo. Mobutu alikimbia nchi Mei 1997, akafia Rabat Septemba ya mwaka uleule. Haukupita muda mrefu barua pepe zikaanza kuzagaa duniani kwa jina la mjane wake au la mwanawe: mamilioni ya dola yapo kwenye sanduku mahali fulani, anatafutwa mgeni mwaminifu wa kusaidia kuyatoa. Laurent-Désiré Kabila alipouawa Januari 2001, jina lake likaunganishwa kwenye orodha. Wazungu wastaafu huko Marekani na Ulaya walipoteza akiba zao wakiamini watagawiwa pesa za shaba na almasi. Shaba hiyo ilitoka hapa. Ilisafishwa kwenye kiwanda cha Luilu, ikasafirishwa kwa reli, pesa zake zikaliwa mbali, kisha hata habari ya kuliwa kwake ikawa mtaji wa matapeli. Hilo hunikera kuliko barua zenyewe.

Jambo moja lilinitatiza kwa muda mrefu: kwa nini barua zile zilikuwa na Kifaransa kibovu namna ile, nembo zimepinda, majina ya wakurugenzi yanabadilika aya kwa aya? Jibu lilitolewa mwaka 2012 na mtafiti wa Microsoft yenyewe, Cormac Herley. Hoja yake ni hii. Kutuma barua milioni moja ni karibu bure, lakini kuandikiana na mtu mmoja mpaka alipe huchukua siku nyingi. Kwa hiyo tapeli anafaidika barua ikiwa ya kuchekesha. Wenye shaka huifuta mapema wasimpotezee muda. Wanaobaki ndio watakaolipa. Ubovu wa barua ni chekecheke.

Hesabu hiyo imeanza kubadilika. Siku hizi programu za akili bandia huandika Kifaransa safi kuliko cha huissier wa kweli, na Kiswahili pia, na zinaweza kujibu watu elfu kwa mpigo bila kuchoka. Basi yule anayewafundisha wanawe kwamba barua ya uongo hutambulika kwa makosa ya tahajia anawapa silaha iliyokwisha makali.

Zawadi yenyewe imebadilika vilevile. Ya Microsoft imepungua mvuto. Inayoshika watu Kolwezi sasa ni ajira. Pita asubuhi kwenye geti la mgodi wowote mkubwa uone vijana wenye diploma na bahasha mkononi. Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba mwaka 2021, Tenke Fungurume na KCC zinatoa, na kila kijana ana binamu aliyeingia na yeye bado. Kisha simu yake inalia: barua pepe yenye nembo ya kampuni inamwambia amechaguliwa, mshahara kwa dola, aanze mwezi ujao. Kinachobaki ni kulipia uchunguzi wa kiafya na vifaa vya usalama, kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kabla ya saa kumi jioni. Kampuni za migodi zimelazimika kutoa matangazo kwamba hazimtozi mtu pesa ili aajiriwe. Matangazo hayo hubandikwa kwenye tovuti, mahali ambapo mwenye njaa ya kazi hapiti.

Anwani isome kuanzia mwisho. Kilichoandikwa baada ya alama ya @ ndicho cha kutazama kwanza, ingawa nacho huweza kughushiwa. Kilichotangulia, mtu yeyote anaweza kukiandika, hata jina kamili la mgodi. Ikiwa mwisho ni gmail, au ni jina la kampuni lililoongezwa kistari na neno recrutement, iache. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money haiombwi na kampuni, haiombwi na wakala wa kabini ya kutumia pesa kwa simu, haiombwi na shemeji yako. Nakala ya kadi ya kura usimtumie mtu usiyemjua, kwa kuwa kesho itatumika kumdanganya mwingine kwa jina lako. Na tuna bahati moja ambayo waliodanganywa kwa jina la Mobutu hawakuwa nayo: kampuni inayodaiwa kukuajiri iko hapahapa. Panda pikipiki, nenda getini, onyesha barua kwa walinzi. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko pesa hizo za vifaa vya usalama, na jibu utalipata kabla ya adhuhuri. Anayekukataza kwenda, kwa hoja kwamba nafasi ni ya siri au muda umekwisha, ameshakujibu.

Aliyekwisha kutuma pesa aende mara moja kwenye ofisi ya kampuni ya simu waone kama bado zinaweza kuzuiwa, na asifute ujumbe hata mmoja. Sheria ipo. Kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria yetu ya jinai kinaadhibu kujipatia mali kwa majina ya uongo na hila, kifungo kikiweza kufika miaka mitano, na tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Sheria ya Mambo ya Kidijitali inayogusa makosa ya mtandaoni. Sitasema kwamba ukipeleka malalamiko utalipwa. Nitasema tu kwamba kuna barua ya pili inayokuja, baada ya wiki au miezi, mara hii kutoka kwa anayejiita Interpol au mwanasheria wa waathirika. Amemkamata mwizi wako, pesa zako zimepatikana, zinahitaji ada ndogo ya kuzitoa. Jina lako lilikuwa kwenye orodha ya waliolipa, na orodha hizo huuzwa.

Barua hiyo ya pili hushika zaidi waliokaa kimya. Mtu aliyechekwa na watoto wake kwa ya kwanza hawaonyeshi ya pili. Huenda peke yake kabini, akiwa na matumaini ya kurudisha mashine kabla hawajajua ameiuza. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye wazazi waliostaafu, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na popote: mzee akikuletea barua ya ushindi, kaa naye uisome yote, hata kama umeijua kuanzia neno la kwanza. Halafu muulize ni nani aliyeweka pesa hizo, na umwache ajibu mwenyewe.